Gesi, mpira au sindano ya mgongo: usingizi upi wa upasuaji kwa mwenye uzi wa sauti uliopooza

Mara ya pili nilipoambiwa sina budi kupasuliwa, sikuwaza kisu. Niliwaza koo langu. Miaka minne nyuma nilitolewa goita, nikazinduka na sauti ya upepo. Nikisimama darasani, wanafunzi wa madawati ya nyuma walisikia pumzi tu. Maji yakawa yananipalia. Ugali na mlenda vilishuka vizuri, uji mzito pia, lakini maji matupu yalinitoa machozi kila nilipokunywa. Ilipita miezi mitatu kabla daktari wa masikio, pua na koo hajanipitishia kamera nyembamba puani na kuniambia kwamba uzi wangu wa sauti wa kushoto hauchezi kabisa. Pale nilipopasuliwa hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba jambo hilo huweza kutokea, na mpaka leo linaniuma.

Safari hii ni faibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi. Nesi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, utapenda nusu kaputi au sindano ya mgongo?" Yaani kulazwa usingizi kabisa, au kutiwa ganzi mgongoni. Nikakosa jibu. Nyumbani Nzuguni shangazi yangu alikuwa amekwisha kuamua kwa niaba yangu: gesi ndiyo iliyoniharibu sauti, nisiiguse tena. Nilirudi hospitali nikaomba kukaa na mtaalamu wa usingizi, nikauliza, nikasoma, nikauliza tena. Haya ndiyo niliyoyapata, nimeyapanga kwa ajili ya mtu mwenye uzi mmoja uliopooza anayekabiliwa na upasuaji mwingine. Wenye nyuzi mbili zilizopooza nimewawekea sehemu yao chini, kwa sababu hali yao ni nyingine kabisa.

Gesi haikupoozi

Nianze na shangazi, maana wengi wanasema kama yeye. Halotheni, isoflureni na sevoflureni ni dawa unazozivuta kwa pumzi, zinafika kwenye ubongo, unalala. Mashine ikifungwa, nyingi hutoka kwa njia ile ile ya mapafu. Hakuna hata moja inayokwenda kukaa kwenye uzi wa sauti na kuupooza moja kwa moja.

Uzi wa sauti hupooza pale mshipa wa fahamu unaouchezesha unapoumia. Mishipa hiyo ni miwili. Wa kulia hushuka mpaka juu ya kifua, unazunguka mshipa mkubwa wa damu unaokwenda mkononi, kisha unapanda tena kooni. Wa kushoto unashuka zaidi, mpaka kifuani, unapita chini ya upinde wa mshipa mkuu wa moyo, ndipo unapanda. Kwa kuwa safari yake ni ndefu, wa kushoto una mahali pengi zaidi pa kuumizwa: uvimbe wa kifua, upasuaji wa moyo, na goita. Mishipa yote miwili hupita nyuma ya tezi ya shingo, tena karibu sana. Kwangu mimi kilichogusa ni kisu, si gesi.

Lakini shangazi hakukosea kila kitu. Gesi mara nyingi haiji peke yake, huja na mpira wa kupumulia, na mpira huo hupita katikati ya nyuzi za sauti. Ncha yake ina puto dogo linalojazwa hewa ili lizibe bomba la hewa. Puto likikaa juu mno, chini kidogo tu ya nyuzi, au likijazwa kupita kiasi, hubana tawi la ule mshipa wa fahamu wa sauti dhidi ya gegedu la kongomeo, lile sanduku la sauti kooni. Ndivyo mtu aliyepasuliwa mguu anavyoweza kuamka na uzi uliopooza. Ni jambo la nadra, na wengi wa waliopata hivyo hurudiwa na sauti ndani ya wiki kadhaa au miezi sita hivi. Kwa mtu mwenye nyuzi mbili nzima hilo ni balaa dogo. Kwangu mimi niliyebakiwa na uzi mmoja, huo mmoja ndio wote.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "gesi au si gesi?" Ni haya mawili: nini kitapita kooni kwangu, na nikitapika, nini kitazuia matapishi yasiingie mapafuni? Kila njia hapa chini nimeipima kwa maswali hayo.

Usingizi wa gesi kwa mpira, ukilinganisha na sindano ya mgongo

Hizi ndizo njia mbili ambazo wengi wetu tutawekewa mezani, kwa hiyo nazikalia zaidi.

Mpira una sifa moja kubwa ambayo watu wenye hofu kama yangu huisahau. Unalinda mapafu. Uzi uliopooza hauzibi njia ya hewa sawasawa, ndiyo sababu tunapaliwa. Ukiwa usingizini huwezi kukohoa kujitetea, na puto lile lile ninaloliogopa ndilo linalozuia tindikali ya tumbo isishuke mapafuni. Kwa upasuaji wa tumbo la juu, wa kutumia kamera tumboni, wa utumbo uliojifunga, au wa dharura mtu akiwa ameshiba, mpira ndio chaguo la salama, na kuukataa kwa sababu ya sauti ni kutoa uhai ili kuokoa sauti.

Dosari zake kwetu ni hizo nilizotaja: unagusa nyuzi, na puto linaweza kubana. Nimefurahi kujua kwamba mengi ya hayo yana dawa yake. Mpira mwembamba kidogo kuliko wa kawaida hupita bila kusugua. Shinikizo la puto linapimika kwa kifaa kidogo chenye mshale, na linatakiwa kubaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji, si kwa kubonyeza puto la nje kwa vidole na kukisia. Kama gesi ya naitrasi oksaidi inatumika, hupenya ndani ya puto na kulijaza zaidi kadiri saa zinavyokwenda, hivyo puto lililokuwa sawa saa mbili asubuhi linaweza kuwa linabana saa nne. Hapo ama gesi hiyo iachwe, ama shinikizo lipimwe tena na tena.

Jambo jingine ni dawa ya kulegeza misuli, ambayo huenda pamoja na mpira mara nyingi. Hiyo ndiyo dawa inayozilegeza kweli nyuzi za sauti, lakini kwa muda, na misuli ya koo ni miongoni mwa inayochelewa kurudiwa na nguvu za kutosha kwa kumeza. Mtu mwenye uzi mmoja akitolewa mpira wakati dawa hiyo haijaisha vizuri mwilini, hata ule uzi mzima unakuwa dhaifu. Ombi la kwamba nguvu ya dawa hiyo iondolewe kabisa kabla mpira haujatolewa ni ombi la haki kabisa, na mtaalamu yeyote anayejali ataliheshimu.

Kisha kuna kichefuchefu. Usingizi wa gesi hutapisha zaidi kuliko ule wa dawa inayoingizwa kwenye mshipa wa damu. Wanaoathirika zaidi ni wanawake, wasiovuta sigara, na wale wanaotapika safarini. Mimi nina yote matatu, na barabara ya Kondoa ni shahidi. Kutapika ukiwa nusu umeamka na uzi mmoja wa kufunga njia si jambo dogo. Mwambie mtaalamu mapema ili akupe dawa za kuzuia kabla hujaamka, kama ondansetroni na deksamethasoni.

Sasa sindano ya mgongo. Dawa ya ganzi inaingizwa kwenye maji yanayozunguka mishipa ya uti wa mgongo, unakufa ganzi kuanzia tumboni kushuka, saa mbili hadi tatu hivi. Unapumua mwenyewe, unameza mwenyewe, unaongea. Hakuna kinachopita kooni. Ukitapika unaweza kugeuza kichwa na kukohoa. Kwa upasuaji wa chini ya kitovu, yaani ngiri, nyonga, mguu, kujifungua kwa upasuaji na faibroidi nyingi, naona hapa hakuna mashindano kwa mtu mwenye uzi uliopooza: sindano ya mgongo ndiyo ya kuombwa kwanza. Kwa mjamzito ni zaidi, kwa sababu tumbo lake huhesabiwa kuwa limejaa hata kama hakula.

Ina shida zake. Shinikizo la damu hushuka, wengine hutetemeka, wengine huumwa kichwa siku kadhaa, hasa wakikaa au kusimama. Haiwafai wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda ambazo hazijasimamishwa kwa wakati, wenye chembe sahani (zile za kugandisha damu) chache sana, wenye maambukizi pale sindano inapopita, wala anayevuja damu nyingi. Ile hofu iliyoenea mitaani kwamba sindano hiyo inaacha maumivu ya mgongo ya maisha imewanyima kina mama wengi kitu kizuri. Maumivu ya siku chache pale ilipochomwa yapo, lakini maumivu sugu ya mgongo hayajathibitika kuletwa nayo.

Na kuna jambo niliambiwa na mtaalamu wangu ambalo sikulisoma popote kwanza: sindano ya mgongo huweza kukataa. Dawa haishiki vizuri, au upasuaji unarefuka, na katikati ya kazi unalazimika kulazwa usingizi. Kwa hiyo hata ukichagua mgongo, mpira mwembamba uwe tayari pembeni, na mtu wa kukulaza awe anajua habari za koo lako tangu mwanzo. Tena usiombe upewe dawa nyingi ya kukusinzisha juu ya ganzi. Ukisinzia sana, faida ya kujilinda mwenyewe inaondoka.

Barakoa ya koromeo

Hii ni njia ya katikati. Daktari Archie Brain wa Uingereza aliitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Ni mfano wa kikombe kidogo laini kinachokaa juu ya kongomeo, gesi inapita humo, na hakuna kinachoingia katikati ya nyuzi. Kwa sauti ni rafiki kuliko mpira: mikwaruzo ni michache, na ukiamka koo haliwaki sana.

Kwa swali la pili lakini, inaanguka. Haizibi bomba la hewa kama puto la mpira, na matapishi yakipanda yana njia. Ningeikubali kwa upasuaji mfupi wa juu juu, wa titi au wa mkono, mtu akiwa amefunga vizuri: chakula saa 6 kabla, ugali na nyama ya mafuta saa 8, maji matupu mpaka saa 2 kabla. Ningeikataa kama nina kiungulia kikali, kama nina mimba, kama tumbo linapasuliwa, au kama napaliwa hata na mate yangu. Nayo isijazwe hewa kupita kiasi, kwani imewahi kubana mishipa ya sauti vilevile.

Gesi au dawa ya mshipa

Ukiwa huna budi kulala, bado kuna kuchagua kati ya kulazwa kwa gesi na kulazwa kwa propofoli inayoingia kidogo kidogo mkononi. Propofoli hupunguza kichefuchefu na mtu huamka akiwa mwepesi. Huhitaji pampu ya kuhesabu dozi, na jicho la mtu muda wote, kwa sababu hakuna kipimo cha pumzi kinachoonyesha kiwango cha dawa kama ilivyo kwa gesi. Kwa koo lenyewe tofauti ni ndogo, maana mpira ni ule ule. Kama pampu ipo na wewe ni mtu wa kutapika, chukua propofoli. Kama haipo, gesi pamoja na dawa za kuzuia kutapika inatosha, wala usiahirishe upasuaji wa lazima kwa sababu hiyo.

Kati ya gesi zenyewe, sevoflureni na halotheni haziwashi koo mtu anapozivuta akiwa macho. Isoflureni ina harufu kali na huchochea kikohozi, kwa hiyo huanzishwa mtu akiwa amekwisha kulala.

Ketamini, dawa nyingine ya usingizi ya sindano, bado hutumika sana kwenye hospitali za wilaya. Ina sifa ya kumwacha mtu apumue mwenyewe. Lakini huongeza mate, na mate mengi juu ya nyuzi zisizofunga sawasawa huweza kuleta kupaliwa au koo kujifunga ghafla. Si adui, ila uliza kama utapewa dawa ya kukausha mate.

Mtego wa ganzi ya bega

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba neno "ganzi" halimaanishi salama kila mahali. Mtu akivunjika bega, kwa mfano kwa ajali ya bodaboda, anaweza kuambiwa hatalala, atachomwa ganzi tu shingoni upande wa bega lile. Dawa hiyo huweza kutapakaa na kuufikia mshipa wa sauti wa upande huo, na mara nyingi zaidi mshipa unaoendesha kiwambo cha kupumulia. Kwa mwenye nyuzi nzima, sauti inakwaruza saa kadhaa kisha inarudi. Lakini uzi wako wa kushoto ukiwa umepooza na bega linalopasuliwa ni la kulia, ganzi hiyo inaweza kuulaza uzi pekee uliobaki. Nyuzi zote mbili zikilala, njia ya hewa inaziba. Mtu aliyekuja kutibiwa bega anajikuta anapigania pumzi.

Kwa hiyo, bega la upande wa pili wa uzi uliopooza: bora usingizi wa mpira, pamoja na tahadhari zote za puto. Kiwiko, mkono wa chini na kiganja: omba ganzi ya kwapani, ambayo iko mbali na shingo. Hii ndiyo sababu nasema usitaje tu "nina shida ya sauti." Taja upande. Andika kwenye karatasi: *uzi wa kushoto umepooza tangu upasuaji wa goita*, na mwaka. Mimi natembea nayo kwenye pochi pamoja na kadi ya bima.

Tahadhari hiyo hiyo ni ya anayerudia upasuaji wa tezi. Kabla upande wa pili haujaguswa, nyuzi zichunguzwe kwa kamera. Sauti inaweza kusikika nzuri kabisa huku uzi mmoja umekufa, kwa kuwa mwenzake hujifunza kuvuka katikati na kumfidia. Sikio halitoshi.

Wenye nyuzi mbili zilizopooza

Ninyi hali yenu si ya kuchagua wenyewe. Ajabu ni kwamba sauti yenu huweza kuwa nzuri kuliko yangu, kwa kuwa nyuzi zimesimama karibu karibu, lakini njia ya hewa ni ufa tu. Mnaopanda ngazi mkapiga mluzi mnapovuta pumzi mnanielewa. Kwenu dawa ya kulegeza misuli kabla njia haijapatikana ni hatari, na barakoa ya koromeo haitoshi kutegemewa. Na hapa gesi, ile ile inayolaumiwa, huweza kuwa mwokozi: mtaalamu humlaza mgonjwa polepole kwa sevoflureni au halotheni huku akiendelea kupumua mwenyewe. Watoto wanaochunguzwa nyuzi hulazwa hivyo pia, kwa sababu daktari anataka kuziona zikicheza na pumzi. Wengine hupitishiwa mpira wakiwa macho, koo likiwa limepakwa ganzi, na wengine hutobolewa shingo kwanza ili wapumulie hapo. Kazi hiyo ifanyike penye daktari wa koo na mtaalamu wa usingizi kwa pamoja. Ukiwa Mpwapwa, Kongwa au Manyoni na upasuaji si wa dharura, omba rufaa.

Nilivyochagua mimi

Mtaalamu wa usingizi aliniambia, "Mwalimu, vuta pumzi, sema aaa mpaka ikuishie." Mtu mzima mwenye nyuzi nzima hufika sekunde 15 na kuzidi. Nilifika 7. Akanituma kwa kamera tena, akaniuliza napaliwa na nini, akapapasa tumbo kuona uvimbe umefika wapi. Kwa kuwa ulikuwa chini ya kitovu, tukakubaliana sindano ya mgongo, bila dawa ya kusinzisha, na mpira mwembamba ukiwa tayari juu ya trei. Uvimbe ungekuwa umepanda mpaka mbavuni, ningelala kwa mpira, na ningelala bila kinyongo.

Niliusikia upasuaji wote kama mtu anayevutwavutwa nguo. Kichwa kiliniuma siku mbili. Maji nilianza kwa kijiko, nimekaa wima, kidevu nimekiinamisha kifuani, na sikupaliwa.

Ukilazwa kwa mpira, koo kuwasha na sauti kukwaruza kwa siku chache ni kawaida. Ikifika wiki mbili haijarudi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo uangaliwe, usikae miezi mitatu kama nilivyokaa mimi. Ukipaliwa kila unywapo, nenda mapema zaidi. Na ukisikia mluzi unapovuta pumzi, hata kama ni usiku na umelala wodini, mwite nesi wakati huo huo.